Filamu Imerudi Tupu: Mwongozo Kamili wa Kuhamia Renjifainda Ukiwa Lamu

Tangu mwaka huu uanze, watu watano wamenijia nyumbani Langoni na kilio kimoja. Mtu amedunduliza miaka, ameuza kamera yake ya zamani, hatimaye ameishika kamera ya renjifainda aliyoitamani tangu ujanani. Amepiga filamu nzima: majahazi, punda, harusi ya mpwa wake. Filamu ikapelekwa kusafishwa. Nne zilirudi tupu, hazina hata kivuli cha picha. Ya tano ilirudi na madoa ya mwanga kwenye kila picha.

Wote waliamini wameuziwa kamera mbovu. Nilizikagua moja baada ya nyingine. Katika tatu, filamu haikushika kwenye spuli (kigurudumu cha ndani kinachoikunja), kwa hiyo haikusogea hata kidogo. Ya nne ilipigwa picha zote 36 kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Ni ile ya tano tu iliyokuwa na hitilafu ya kweli, pazia la shata (kile kinachofunguka kuingiza mwanga) lililotobolewa na jua, na jua hilo lilikuwa letu la hapa hapa.

Chanzo ni kimoja. Kamera ya kioo (SLR) uliyoizoea inakuonyesha kile ambacho lenzi inakiona. Ukisahau kifuniko unaona giza. Renjifainda ina dirisha lake pembeni, mbali na lenzi, na dirisha hilo litakuonyesha mandhari safi hata kama ndani hakuna filamu na mbele kuna kifuniko. Inabidi utafute mashahidi wengine wa kukwambia kwamba picha imeingia. Mwongozo huu unahusu mashahidi hao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera na lenzi moja. Moja tu kwa miezi ya mwanzo, ya milimita 35 au 50.
- Filamu moja iliyoharibika au kuisha muda, ya kufanyia mazoezi. Usiikose.
- Filamu mbili nzuri za ISO (wepesi wa filamu kunasa mwanga) 200 au 100. ISO 400 ni ya jioni na ya ndani ya nyumba.
- Betri za akiba, kama kamera ina kipimamwanga. Leica M6 inakula mbili ndogo za duara, SR44 au LR44.
- Tochi ya simu.
- Tepu ya fundi ya kupimia urefu.
- Uzi imara, nusu mita.
- Kopo la plastiki ambalo kifuniko chake kinabana, pamoja na silika jeli ya rangi, ile inayobadilika ikishiba unyevu.
- Kitambaa laini cha pamba na brashi ndogo ya kupeperushia vumbi.

## Hatua ya 1: Chagua kwa kuangalia vichochoro vyako

Watu wanachagua kwa jina. Mimi nasema chagua kwa mistari inayoonekana ndani ya dirisha, kwa sababu mistari hiyo ndiyo inayokwambia picha inaishia wapi.

Leica M3 ya mwaka 1954 ina dirisha zuri kuliko yote niliyowahi kuchungulia. Linakuza vitu hadi 0.91, karibu sawa na jicho tupu. Lakini mistari yake inaanzia lenzi ya milimita 50. Simama katika kichochoro cha mtaa wa Mkomani ambapo punda wawili hawapishani, mgongo umegusa ukuta, halafu jaribu kuuingiza mlango mzima wa nakshi kwa lenzi ya 50. Hautaingia.

M2 ina mistari ya 35, 50 na 90, na ukuzaji wa 0.72. Haina kipimamwanga, kama M3. M6 iliyotoka mwaka 1984, ambayo Leica ilianza kuiunda tena mwaka 2022, inaanzia mistari ya 28 na ina kipimamwanga ndani. Betri ikifa, shata ya M6 inaendelea kufanya kazi kwa kasi zote. Kinachozimika ni kipimamwanga peke yake. Kisiwani, ambako betri ya aina fulani inaweza kukosekana wiki nzima, hilo ni jambo kubwa. Ukivaa miwani, ujue kwamba mistari ya 28 hutaiona yote kwa ukuzaji wa 0.72.

Kama fedha hazifiki huko, na kwa wengi wetu hazifiki, Canonet QL17 GIII ya Canon ni kamera ya heshima kabisa. Lenzi yake ya milimita 40 haitoki, filamu inaingia kwa mlango wa nyuma, na shata yake ni ya vipande vyembamba vya chuma vilivyo ndani ya lenzi, kwa hiyo jua haliwezi kuitoboa. Iliundwa kwa ajili ya betri ya zebaki ambayo haitengenezwi tena. Wengi hutumia betri za zinki za vifaa vya kusikia badala yake, kwa sababu volti zinakaribiana. Bila betri kabisa unaweza kuweka kasi ya shata na upenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) mwenyewe.

Onyo kwa wanaoagiza Zorki 4, renjifainda ya Kisovieti, kutoka Ulaya Mashariki: usibadilishe kasi ya shata kabla ya kuvuta filamu. Vuta kwanza, kisha chagua kasi. Ukikosea mpangilio huo unaweza kuvunja mtambo wa ndani, na fundi wa kuurekebisha hutampata karibu.

## Hatua ya 2: Ikague kabla pesa haijatoka

Kama muuzaji yuko mbali, mwombe video ya kila jaribio. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

1. Pazia la shata. Ingia chumba chenye giza, ondoa lenzi, fungua nyuma ya kamera. Mulika tochi kutoka upande wa lenzi huku ukitazama kutoka nyuma. Ukiona hata nukta moja ya mwanga, pazia limetoboka. Fanya mara mbili, kabla ya kuvuta wenzo wa kusogezea filamu na baada ya kuuvuta, kwa sababu mapazia ni mawili na kila moja linaonekana kwa zamu yake.

2. Kasi za chini. Weka sekunde 1, piga, sikiliza. Mlio uwe mmoja, laini, usiokwama. Ukisikia unasuasua kisha unamalizia kwa pupa, mafuta ya ndani yamekauka. Hilo linarekebishika kwa fundi, ila lipunguze kwenye bei.

3. Kasi za juu. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe uliopigwa na jua, nyuma ikiwa wazi, upige kwa 1/1000 ya sekunde. Unatakiwa kuona mmweko ulio sawa eneo zima. Upande mmoja ukiwa mweusi, mapazia hayaendi pamoja.

4. Kiraka. Katikati ya dirisha kuna kiraka chenye mwanga, na ndani yake vitu vinaonekana mara mbili. Zungusha lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya masafa yasiyo na kikomo, kisha tazama mlingoti ulio mbali sana. Kutoka gatini, tazama ng'ambo ya Manda. Picha mbili ziwe moja. Zikipishana kushoto na kulia, kamera haitalenga sawasawa. Zikipishana juu na chini, utalenga kwa taabu. Kisha pima mita 1 kwa tepu, lenga kitu kilicho hapo, usome namba ya kwenye lenzi. Kamera inaweza kuwa sawa mbali na kukosea karibu.

5. Lenzi. Fungua upenyo wote, mulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Mimi sinunui lenzi yenye kuvu hata kwa bei ya bure, kwa sababu hewa yetu itailisha.

Umefaulu ikiwa yote matano yamepita. Manne yakipita na pazia limetoboka, usijifariji.

## Hatua ya 3: Kupakia filamu, mahali wengi wanapoangukia

Ninayoyaeleza hapa ni ya Leica za M, zinazopakiwa kutoka chini. Kama kamera yako ina mlango wa nyuma, rukia namba 6. Shahidi ni yule yule.

Fanya mazoezi mara kumi kwa ile filamu mbovu, ukiwa umekaa barazani, kabla ya kugusa filamu nzuri. Mara kumi kwelikweli. Vidole vikishazoea, utaweza kupakia hata ndani ya mashua.

1. Hakikisha ndani hamna filamu. Zungusha taratibu kirungu cha kurudishia filamu kuelekea upande wa mshale. Kikigoma, kuna filamu ndani, usifungue.

2. Ondoa kifuniko cha chini. Inua ufunguo wake, uuzungushe, kifuniko kitoke. Kitie mfukoni. Usikiweke juu ya mchanga wala kwenye ukuta wa matumbawe, maana chembe moja ya mchanga itaingia nacho ndani na kukwaruza filamu yako yote.

3. Inua ule mlango mdogo wa nyuma. Huu ndio wenye kukuonyesha kama meno yameingia kwenye matundu ya filamu. Wanaoruka hatua hii ndio wanaonijia.

4. Ingiza ulimi wa filamu, ile ncha inayochomoza kwenye kikopo. Kuanzia M4 hadi M6, spuli ina vidole vitatu. Ulimi unapita katikati ya vidole hivyo, kisha unasukuma kikopo na filamu kwa pamoja hadi chini. Fuata mchoro mdogo ulio ndani ya kamera. Katika M3 na nyingi za M2, spuli inatoka: itoe, penyeza ulimi chini ya kibanio chake, hakikisha umekaza, halafu rudisha vyote viwili kwa mpigo. Usivute ulimi mrefu mno; filamu iliyozidi hujikunja na kupanda juu ya meno.

5. Vuta wenzo polepole mara moja huku ukitazama. Meno yaingie kwenye matundu ya filamu, na filamu ilale tambarare. Ikipanda au kujikunja, toa uanze upya. Ukiridhika, funga mlango mdogo, kisha kifuniko cha chini: kwanza upande wenye kipini, halafu ufunguo.

6. Kaza filamu, kisha mtazame shahidi. Zungusha kirungu cha kurudishia upande wa mshale hadi uhisi kimeshika, uache hapo. Sasa vuta wenzo, piga, vuta tena, piga. Kila unapovuta, kirungu hicho kizunguke chenyewe kinyume cha mshale. Katika M3 kina nukta nyekundu kwa kazi hiyo hiyo. Katika M6 utaona mkono wake mdogo ukigeuka.

Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, filamu haijashika, na hakuna dua itakayoleta picha. Fungua, rudia.

Usidanganywe na kihesabio cha picha. Kinahesabu hata kama ndani hamna kitu. M3 na M6 hujirudisha mwanzo zenyewe unapobadilisha filamu, lakini M2 unairudisha wewe kwa kidole. Na kihesabio kikipita 38 huku wenzo ukiendelea kuvutika kwa raha, simama hapo hapo: hiyo ni dalili kwamba umekuwa ukipiga hewa.

7. Weka ISO. Katika M6 gurudumu lake liko nyuma. Kamera hii haisomi namba kutoka kwenye kikopo. Kata kipande cha boksi la filamu ukibandike nyuma ya kamera, ukumbuke kilicho ndani.

## Hatua ya 4: Kifuniko cha lenzi na jua la ikweta

Hapa pana mvutano ambao waandishi wa nchi za baridi hawauzungumzii, na ndio uliomharibia yule mtu wa tano.

Katika kamera ya kioo, mwanga ukipita kwenye lenzi unagonga kioo na kupanda juu. Katika Leica ya M hakuna kioo. Mwanga unakwenda moja kwa moja hadi kwenye pazia, na pazia hilo ni kitambaa chembamba chenye mpira. Lenzi iliyowekwa kwenye masafa ya mbali, ikiwa imefunguka na kuelekea juani, inafanya kazi ile ile ambayo watoto wanaifanya kwa kioo cha kukuzia na jani kavu. Lamu iko kama nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Ukiiacha kamera mezani uso juu, saa sita mchana, utakuwa umeiweka motoni.

Kwa hiyo kifuniko kinahitajika. Na kifuniko ndicho kilichompotezea mwingine picha 36.

Nilivyolitatua mimi ni hivi. Nimefunga kifuniko kwa uzi kwenye mkanda wa kamera. Kamera ikiwa ndani ya mkoba au juu ya meza, kifuniko kiko kwenye lenzi. Ikitoka mkobani, kifuniko kinaning'inia na kugonga mkono wangu. Nisipousikia ule mguso, najua kiko kwenye lenzi. Huyo ni shahidi wa pili, na unamsikia kwa ngozi.

Ukiwa unatembea bila kifuniko, lenzi itazame kifuani au chini. Kati ya picha na picha funga upenyo hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na weka masafa ya karibu, ili jua likiingia kwa bahati mbaya lisikusanyike kuwa nukta. Na usilenge jua lenyewe, hata la machweo juu ya tanga, ukakaa hapo ukisubiri mashua ifike. Subiri kamera ikiwa imeshushwa, inua, piga, shusha.

## Hatua ya 5: Kupima mwanga wetu

Kwa filamu ya ISO 200 juani, anza na f/16 kwa 1/250, au f/11 kwa 1/500. Ni ile kanuni ya zamani: upenyo wa f/16, na kasi inayokaribia namba ya ISO.

Hapa ndipo unapoona kwa nini nimekukataza ISO 400 mchana. Kanuni hiyo hiyo inakutaka f/16 kwa 1/500. Leica za M za filamu nilizotaja zinaishia 1/1000, kwa hiyo huwezi kufungua zaidi ya f/11. Ile lenzi ya f/2 uliyoilipia ghali itakaa imefungwa siku nzima.

Ukiingia kichochoroni, mwanga unaanguka ghafla. Kwa ISO 200 mimi huanza na f/4 kwa 1/250, na kichochoro kikiwa kimefunikwa juu nashuka hadi f/2.8 kwa 1/125. Usitumie hesabu za Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ndani ya kijia cha pembeni, hata kama ni hatua tano tu kutoka pale.

Kipimamwanga cha M6 ya mwaka 1984 kinaonyesha mishale miwili myekundu; ikiwaka yote miwili, umepatia. Lakini kinasoma sehemu ya kati, na hakijui kwamba ukuta ule ni wa chokaa nyeupe. Ukielekeza kwenye ukuta mweupe au mchanga wa ufuo wa Shela, kitakwambia mwanga ni mwingi mno, na nyuso zitatoka nyeusi tii. Pima kiganja cha mkono wako kikiwa kwenye mwanga ule ule wa mtu unayempiga, au ongeza stopu moja, yaani ruhusu mwanga mara mbili. Filamu za negativu zinavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukiwa na shaka, ongeza.

## Hatua ya 6: Kulenga

Kiraka kinataka mstari uliosimama. Nguzo ya katikati ya mlango wa nakshi, mlingoti, ukingo wa kanzu. Ukikipa mistari iliyolala, kama mikunjo ya tanga lililokunjwa, hutaona tofauti. Geuza kamera wima, lenga, irudishe, kisha piga.

Jifunze pia kulenga bila kuchungulia. Lenzi ya 35 kwenye f/8, ikiwekwa mita 3, inakupa ukali kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7. Hiyo ndiyo nafasi yote ya kichochoro. Pima mita 3 nyumbani kwa tepu, uzizoee kwa hatua zako.

Shata hii ni kimya, na wengine wanauona ukimya huo kama ruhusa ya kuiba nyuso. Tafadhali, hapana. Mji wetu una haya zake, na mama aliyevaa buibui akikwambia hapana, imekwisha. Shikamoo kwanza. Salamu zetu ni ndefu, na zinatosha kuweka masafa, upenyo na kasi huku mkizungumza. Mzee akikubali, kamera iko tayari kabla hajaanza kujikaza uso.

Kumbuka kwamba dirisha liko juu na pembeni ya lenzi. Mistari ya Leica za M hujisogeza yenyewe kufidia tofauti hiyo unapolenga karibu, lakini haifidii yote. Chini ya mita 1 na nusu acha nafasi kidogo juu ya kichwa.

## Hatua ya 7: Kutoa filamu na kuituma

Wenzo ukigoma, usiulazimishe. Geuza kile kiwenzo cha mbele chenye herufi R, kaa kivulini, zungusha kirungu upande wa mshale. Utahisi uzito, halafu mpwito mdogo, halafu wepesi. Endelea kuzungusha kidogo, kisha ndipo ufungue chini.

Andika juu ya kikopo tarehe na ISO uliyotumia. Ukiituma kwa basi kutoka Mokowe kwenda Mombasa au Nairobi, omba isikae karibu na injini. Ukipanda ndege Manda, usiitie kwenye mzigo unaoshushwa chini. Mionzi ya kukagulia mizigo hiyo inaharibu filamu. Ibebe mkononi, na uombe kwa adabu ikaguliwe kwa macho.

## Hatua ya 8: Chumvi, mchanga na kuvu

Kusi ikivuma, Shela ni mahali pabaya pa kubadilishia lenzi. Badilisha nyumbani, au usibadilishe kabisa.

Ukirudi kutoka baharini, peperusha vumbi kwa brashi kwanza. Ndipo upitishe kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Ukianza na kitambaa utasugua mchanga juu ya kioo.

Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi uliokuja nayo, hata kama ni mzuri namna gani. Ngozi inashika unyevu na kuvu inaipenda. Tumia lile kopo na silika jeli. Ya buluu ikigeuka waridi, au ya chungwa ikigeuka kijani, imeshiba: ikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana, isubiri ipoe, irudishe. Mchele usitumie, una vumbi.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla ya kuitoa nje, la sivyo lenzi itatoa jasho, nje na ndani. Filamu iliyotoka kwenye friji nayo isubiri saa moja au mbili ndani ya kikopo chake kilichofungwa.

Kama hupigi picha kwa muda mrefu, itoe mara moja kwa mwezi bila filamu, pitia kasi zote kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, mara tano kila moja, huku ukisikiliza. Siku sekunde 1 itakapoanza kusuasua, anza kutafuta fundi na mtu wa kuaminika wa kumpelekea.